Katuni Si ya Watoto Tu

Neno katuni limewapotosha walimu wengi. Likitajwa tu, msikilizaji hutabasamu akidhani kinachosemwa ni paka afukuzaye panya. Dhana hiyo imezaa makosa mawili. Kwanza, mwalimu huidharau filamu ya kuchorwa, asiitazame kwa makini. Pili, kwa kuwa hakuitazama, huwaonyesha watoto filamu yoyote mradi imechorwa. Kosa la pili ndilo la hatari, nami naamini haliwezi kuondoka kabla ya lile la kwanza.

Wasomaji wa gazeti la Uhuru hawakuwa na dhana hiyo. Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory, aliwachekesha na kuwasuta watu wazima, na watu wazima ndio waliomsoma. Iweje basi mchoro ukianza kutembea ushushwe hadhi?

Nachukua mfano wa Perfect Blue, filamu ya mwaka 1997 iliyoongozwa na Mjapani Satoshi Kon, aliyefariki mwaka 2010 akiwa na umri wa miaka 46. Ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza, nayo huchukua kama dakika 80. Humo msichana Mima anaacha kikundi cha uimbaji ili awe mwigizaji wa tamthilia ya televisheni. Shabiki mmoja hakubali. Katika intaneti kunatokea shajara iliyoandikwa kwa jina la Mima, nayo inaeleza mambo yake madogo madogo ambayo mtu mwingine hakupaswa kuyajua. Kisha watu wanaanza kuuawa, na Mima anamwona Mima mwingine, aliyevaa mavazi ya uimbaji, akimcheka. Mwisho wake sitausema.

Wapo watakaouliza: kwa nini kisa hiki kisiigizwe na watu halisi? Jibu limo katika mchoro wenyewe. Katika sinema ya kawaida tunauona mwili wa mwigizaji, na ndoto ikiingia aghalabu hutangulizwa na ukungu au muziki wa pekee. Katika filamu ya kuchorwa, Mima wa kweli na Mima wa njozi wametoka katika kalamu moja na rangi moja. Jicho halina pa kushika ili liwatenganishe. Kon aliitumia hali hiyo kwa ustadi mkubwa. Tunamwona Mima katika dhiki, tunamhurumia, mara tunatambua kwamba yumo mbele ya kamera akiigiza. Anaamka kitandani, na baadaye anaamka tena, na tena, hata hatujui asubuhi ipi ndiyo asubuhi. Mtazamaji anapoteza uhakika uleule anaoupoteza Mima. Hayo si mapambo. Ndiyo maana yenyewe ya kazi hiyo, na kazi inayofanya hivyo yastahili kujadiliwa kwa uzito tunaoupa riwaya au tamthilia darasani.

Mwalimu wa shule ya msingi anahusikaje? Yeye hufundisha kwa picha kila siku. Hata hivyo, wengi wetu huinua picha mbele ya Darasa la Kwanza, tukauliza, "Mnaona nini?", tukapokea jibu la kwanza na kuiweka chini. Filamu ya Kon humfunza mtazamaji maswali mengine. Nani anayetazama hapa? Picha iliyotangulia ilikuwa ipi? Kitu gani kimetufanya tuamini tunachokiona? Mwanachuo aliyekwisha kuhangaika na maswali hayo kwa dakika 80 hataifanyia haraka picha ya kitabu cha kusoma, hata kama ni ya mbuzi na kamba.

Wala nisieleweke vibaya. Perfect Blue haifai kabisa kwa watoto. Mna mauaji ya kikatili, na mna onyesho la ubakaji linalopigwa kwa ajili ya ile tamthilia, zito hata kwa mtu mzima. Aliyeitazama hadi mwisho hatathubutu tena kuwawekea wanafunzi filamu asiyoijua kwa sababu tu imechorwa.

Chuo kitakachotaka kuitumia kiwaambie wanachuo mapema yaliyomo, na asiyependa aruhusiwe kutoka. Waitazame nusu ya kwanza, taa ziwashwe, kila mmoja aandike ni wapi alipodhani ameona jambo la kweli, ndipo waendelee. Onyesho lenyewe lifanywe usiku, mlango wa bwalo ukiwa umefungwa, watoto wa nyumba za wakufunzi wakiwa wamekwisha kulala.