Masurufu ya Wazee: Muleba Imekwisha Kutufundisha

Katika mwaka 1988, katika kijiji cha Kashasha wilayani Muleba, mama mmoja aliyekwisha kula chumvi nyingi, ambaye baba yake alimrithisha kwa wasia shamba la ukoo, alipojiona anadhoofika na hana mtu wa kumtazama, aliliuza shamba lile kwa shilingi 300,000 kwa mnunuzi asiyekuwa wa ukoo wao. Jamaa yake mmoja akamshitaki, kwa hoja kwamba mila za Wahaya hazimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Naye Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Mwanza, mwaka 1990, baada ya kuipima mila hiyo kwa mizani ya Katiba, akamhukumia mama yule haki yake. Kesi hiyo ya Ephrahim na Pastory yafundishwa hata leo katika vyuo vya sheria, na yastahiki kufundishwa. Lakini aghalabu waisomao huishika hukumu wakaisahau sababu: ajuza yule hakuuza ardhi ili afungue mlango kwa wanawake wa nchi nzima, bali aliuza kwa kuwa alikuwa mkongwe asiye na mlezi. Mahakama ilimthibitishia mauzo. Riziki yake baada ya fedha zile kwisha haikuwa katika mamlaka ya jaji.

Naikumbusha kesi hiyo kwa kuwa ni katika wilaya ile ile ya Muleba, miaka kumi na mitano baada ya shamba lile kuuzwa, ndipo lilipoanzishwa shirika dogo liitwalo Kwa Wazee, ambalo historia yake, kwa maoni yangu, ina faida zaidi kwa mwenye kuufikiria uzee katika nchi yetu kuliko semina nyingi zilizokwisha kufanywa juu ya jambo hilo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata maradhi yale yaliwafagia watu wa makamo, wale hasa ambao kwa desturi ndio walimao kibanja, wauzao kahawa na walishao wazazi wao. Wakabaki watoto upande mmoja na mabibi upande wa pili, na katikati hapana mtu. Misaada ilipokuja ilimtafuta yatima, na ilifanya vyema kumtafuta. Ila bibi aliyempikia yatima huyo, akamwosha na kukesha naye akiugua, alihesabiwa kama kwamba ni sehemu ya nyumba. Waasisi wa Kwa Wazee, pale Nshamba, mwaka 2003, waliligeuza jambo hilo: wakaanza kumpa mzee mwenyewe fedha taslimu, kila mwezi, wala wasimwamuru azifanyie nini. Katika miaka ile ya mwanzo masurufu yenyewe yalikuwa shilingi 6,000, na nyingine 3,000 kwa kila mjukuu aliye mikononi mwake.

Mwaka 2008 ilitolewa ripoti ya uchunguzi uliowalinganisha wazee waliokuwa wakipokea masurufu hayo na wenzao waliokuwa hawajapokea. Jina lake, likifasiriwa, ni Chumvi, Sabuni na Viatu vya Shule, na aliyetazamia kusoma kwamba wazee wamezimaliza fedha vilabuni kwenye rubisi ameula wa chuya. Zilikwenda katika vitu hivyo vitatu, na katika mafuta ya taa, na samaki wa mara moja moja, na ujira wa kibarua wa kulima mahali ambapo mgongo wa mzee haukuweza tena kuinama. Na yako mambo yasiyopimika kwa kibaba, ambayo mimi nayaona makubwa kuliko samaki: mtu mzima aliyekuwa akipiga hodi kwa jirani kuomba chumvi anakoma kupiga hodi, na mjukuu anayeona bibi yake ana senti za kununua daftari humsikiliza kwa namna nyingine.

Mwaka ule ule wa 2003 Serikali ilitoa Sera ya Taifa ya Wazee, ikamtambua mzee kuwa ni mtu aliyetimiza miaka 60, ikanena maneno mazuri juu ya heshima, matunzo na matibabu. Siyabezi maneno hayo. Leo katika hospitali zetu yamebandikwa matangazo ya kutaka mzee apishwe ahudumiwe kwanza, na huo ni uungwana. Ila mzee hufika hospitali siku chache, na hula kila siku. Zanzibar ndiyo iliyolielewa jambo hili kwa vitendo: tangu Aprili 2016 hazina yake yenyewe humlipa kila aliyefika miaka 70, bila kuuliza nani tajiri na nani fukara, shilingi 20,000 kwa mwezi hapo mwanzo, na baadaye kiasi hicho kikaongezwa. Kenya nayo mwaka 2018 ikaanza kuwapa wazee wa umri huo, wasio na pensheni nyingine, shilingi 2,000 za kwao.

Huku Bara husemwa kwamba fedha hazitoshi, na kwamba mzee akilipwa na Serikali watoto wake watamtelekeza. Hoja ya kwanza ni ya mahesabu, na wenye hazina waijibu kwa mahesabu, si kwa kuahirisha. Ya pili inanishangaza, ikisemwa katika nchi ambayo sehemu zake, kama Muleba, watoto wamekufa na wazee ndio wanaolea. Wengine hutaka walipwe maskini tu. Nao hawaoni ni fitina gani hupandwa katika kijiji pale mabibi wawili wa rika moja wanapopangwa mbele ya mkutano ili aamuliwe nani hohehahe zaidi.

Miaka 70 ni mingi kwa aliyeshika jembe tangu utotoni, nami ningependa tuanzie 60 kama sera yetu inavyomtambua mzee. Lakini ikiwa hazina haiwezi kwa sasa, na ianze na 70 katika wilaya chache, Muleba ikiwa ya kwanza, kwa kuwa pale vikundi vya wazee vya kusaidiana vimekwisha kuundwa, na watu wenye ujuzi wa kazi hiyo wapo. Shirika lililosimama kwa hisani ya watu wa Uswisi haliwezi kutakiwa lilee nchi nzima. Linaweza kutakiwa lionyeshe daftari zake kwa maofisa wa Wizara, watakapokwenda Nshamba kuziomba.