"Ni Uzee Tu": Nani Kasema?

Najua wengi wenu mkifungua ukurasa huu mnategemea habari za nyumba ndogo, mawifi, na mume anayezima simu kuanzia Ijumaa jioni. Mwezi huu nyumba ndogo zipumzike. Nataka tuongee kuhusu wazazi wetu, na hasa wakwe, maana siku hizi wakiugua wanaletwa kwetu mjini, na sisi ndio tunaopanga nao foleni hospitali. Halafu ni ndoa ngapi unazijua zilizotikisika kwa sababu ya mzee mgonjwa aliyelazwa chumba cha uani? Kwa hiyo usiniambie nimetoka nje ya mada.

Kuna maneno matatu yamenichosha. Utayasikia kwa daktari, kwa nesi, kwa muuza duka la dawa, na kwetu wenyewe sebuleni: "Ni uzee tu." Mzee hali chakula? Uzee tu. Kaanguka bafuni mara mbili wiki hii? Uzee tu. Mkojo unamtoka, anaweweseka usiku, kasahau majina ya wajukuu tangu juzi? Uzee huo, mzoeeni. Jamani! Mtoto wa miaka 3 akigoma kula siku mbili nyumba haikaliki, tunakimbia naye usiku wa manane. Bibi yake akigoma wiki nzima tunamkorogea uji na kumpa pole.

Nayasema haya kwa sababu yametupitia nyumbani. Mama mkwe wangu ana miaka 78. Ni mwanamke wa Muheza, ana michungwa yake, na anajua kila mti umezaa kiasi gani na nani kapita kuchuma bila ruhusa. Alikuja kwetu Dar kwa ajili ya matibabu ya macho. Alipofika wiki ya tatu akabadilika ghafla. Usiku anaongea na marehemu mumewe, anamwambia afunge mbuzi mvua inakuja. Mchana anasinzia na kijiko mkononi. Mtu huyohuyo siku nne nyuma alikuwa ananihesabia chenji ya sokoni mpaka shilingi hamsini ya mwisho!

Tukampeleka hospitali moja hapa mjini, jina naliweka kapuni. Tulifika saa 1 asubuhi, tukaingia kwa daktari saa 7 mchana. Saa sita nzima tumekaa kwenye benchi lisilo na egemeo, chini ya bango linalosema wazee wahudumiwe kwanza. Dokta kijana hakumtazama mama. Alinitazama mimi. "Anasumbuliwa na nini huyu?" Yaani kama vile nimempelekea fundi feni iliyoungua. Mama wa watu kajifunga kanga zake mpya, anasubiri shikamoo, shikamoo haiji. Hakushikwa tumbo, hakuulizwa anatumia dawa gani, hakuulizwa haya yameanza lini. Baada ya dakika tano tukaambiwa umri umeenda, ubongo nao unachoka, mzoeeni. Tukaandikiwa vidonge vya usingizi, huyoo, mgonjwa mwingine.

Sasa ngoja niwaambie dakika tano zile zilizaa nini. Wifi yangu akasema mama kachezewa, apelekwe kwa mtaalamu anayemjua yeye. Shemeji yangu mkubwa hakutaka habari za waganga, yeye akaitisha kikao cha ukoo. Ajenda ilikuwa kwamba kwa vile mama hana akili tena, karatasi za shamba zishikwe na mtoto wa kwanza. Mnaona mambo? Mtu anataka kunyang'anywa michungwa aliyoipanda kwa mikono yake, na ushahidi ni neno la daktari ambaye hakumgusa.

Vile vidonge vilimzidishia. Usiku wa tatu mume wangu akasema hapana, tunaenda kwingine. Huko tulipokewa na nesi mmoja mtu mzima, miwani imeshuka puani. La kwanza alilosema lilikuwa "Shikamoo mama." La pili, akavuta kiti akakaa, macho yake na ya mama yakawa usawa mmoja. Kisha akatugeukia sisi: "Wiki mbili zilizopita alikuwaje?" Tukaeleza habari za chenji. Akatikisa kichwa. "Basi huu sio uzee. Uzee hauji kwa wiki moja. Leteni kila dawa anayomeza, hata ya dukani."

Tukaupekua mkoba wa mama. Chini ya kanga zikatoka pakiti za Piriton. Kumbe ngozi ilikuwa inamuwasha, akawa anamtuma mtoto wa jirani duka la dawa, na alipoona zinamletea usingizi mtamu akaongeza: asubuhi, mchana, jioni. Hakumwambia mtu kwa sababu kwake ile ni "ya mafua tu", haihesabiki kama dawa. Nesi akambonyeza mama chini ya kitovu, akamwita daktari. Kibofu kilikuwa kimejaa na hakitoki. Wakamwekea mpira, ukatoka mkojo zaidi ya lita moja. Vipimo vikaonyesha maambukizi kwenye njia ya mkojo, hii tunayoiita UTI, na mwili umekauka maji. Akapewa dripu na antibayotiki. Piriton ikapigwa marufuku, na vidonge vya usingizi pia. Siku ya nne akafumbua macho akauliza kuku wake wa Muheza nani anawalisha. Zilipita kama wiki mbili mpaka akawa yeye kabisa.

Na kikao cha shamba kilifanyika kama kilivyopangwa. Mwenyekiti alikuwa mama. Yaliyosemwa humo siyaandiki, bado natamani kualikwa Muheza.

Wataalamu wana jina la hali ile, wanaiita deliriamu. Ni kuchanganyikiwa kunakokuja ghafla, kwa saa au siku chache, na kunapanda na kushuka: asubuhi yuko sawa, jioni hamjui mwanawe. Sio sawa na ule ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, ambao hunyemelea polepole kwa miezi na miaka. Deliriamu karibu kila mara ina kitu kinachoisababisha: maambukizi, kukosa maji, choo kufunga, maumivu, dawa mpya, sukari kushuka. Mzee anaweza kuwa na nimonia na asitoe homa hata kidogo, dalili yake ikawa ni kuanguka au kuongea ovyo. Ndiyo maana lile swali la nesi, kwamba wiki mbili zilizopita alikuwaje, lina thamani kuliko mashine nyingi. Na wa kulijibu ni wewe unayeishi naye.

Kama bado unaamini kila mzee lazima achanganyikiwe, nikupeleke Hai, Kilimanjaro. Watafiti walipita vijiji vya huko wakawapima wazee 1,198 wenye miaka 70 na kuendelea, matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Wenye ugonjwa wa kusahau walikuwa kama 6 katika kila 100. Waliobaki hawakuwa na ugonjwa huo. Kwa hiyo mzee wako akipotea ghafla, usikubali kirahisi.

Tukija kwenye dawa, hapo nawaomba mkae vizuri. Mwili wa mzee hauisafishi dawa kama wa kijana. Figo na ini vimepunguza kasi. Tangu mwaka 1991 kuna orodha iliyoanzishwa na daktari wa Marekani, Mark Beers, ya dawa ambazo wazee wanapaswa kuepushwa au kupewa kwa tahadhari kubwa, na imekuwa ikirekebishwa, ikiwemo mwaka 2023. Piriton imo. Diazepam, ambayo wengi mnaijua kama Valium, imo. Diklofenaki kwa matumizi ya muda mrefu imo, na hiyo ndiyo rafiki wa magoti ya wazee wetu wote! Inamezwa miaka nenda rudi kama pipi, huku inakwangua tumbo, inapandisha presha na kuchosha figo. Sisemi ukimbilie kumnyang'anya mzee dawa alizoandikiwa, maana nyingine zikikatwa ghafla zinaleta balaa. Tia zote kwenye mfuko, na mitishamba humohumo, mwage mbele ya daktari.

Turudi kwenye lile bango. Nchi yetu haijakosa maneno mazuri. Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003, inamtambua mzee kuwa ni mwenye miaka 60 na kuendelea, na serikali ilishasema wazee wasio na uwezo watibiwe bure kwenye vituo vya umma. Mwaka 2015 wizara ikaanza kupima ubora wa zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya na kuzipa nyota, kuanzia sifuri mpaka tano, lengo likiwa angalau tatu. Jambo zuri, nasema kwa dhati, maana kabla ya hapo mgonjwa wa kawaida alikuwa hana pa kuanzia. Mwaka 2023 Bunge likapitisha sheria ya bima ya afya kwa wote.

Ila nyota zinahesabu jengo, maji, dawa, watumishi, kumbukumbu, mipango. Mimi nataka kujua vingine. Nani alimwinua mzee kitandani leo? Sahani yake imewekwa anapofika au mezani kule, halafu jioni tunaambiwa amekataa kula? Mama aliyekuja anatembea mwenyewe, kwa nini kavalishwa pampasi? Hili la pampasi linaniuma. Mara nyingi mzee anavalishwa sio kwa sababu hawezi kwenda chooni, bali hakuna wa kumshika mkono kumpeleka. Siku tano baadaye miguu imelegea, hawezi kweli, na tunaambiwa... si mnajua tunaambiwa nini.

Siwatupii manesi lawama zote. Ukikaa wodini usiku ukamwona mmoja anakimbia vitanda vyote vile, utanyamaza. Hata yule dokta kijana alikuwa na foleni mpaka mlangoni. Lakini shikamoo inachukua sekunde moja, bwana, na kuuliza yameanza lini inachukua mbili.

Kwa hiyo wewe ndugu unayekaa na mgonjwa, wewe ndiye mkaguzi. Beba miwani yake na meno yake ya bandia, maana mzee asiyeona wala kutafuna ataonekana kachanganyikiwa hata kama hajachanganyikiwa. Nunua daftari la shilingi mia tano, andika: kala nini, kanywa kiasi gani, kapata choo lini, dawa ipi saa ngapi, nani kapita kumwona. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila saa mbili, usiku pia, la sivyo mgongo na nyonga zinaota vidonda ambavyo kupona kwake ni kazi ya miezi. Anayeweza kukaa akalishwe kitini, anayeweza kutembea atembezwe mpaka dirishani. Kuna jambo halijakaa sawa? Anza na muuguzi wa zamu. Ikishindikana, nenda kwa mganga mfawidhi na daftari lako mkononi, ongea taratibu. Ukipiga kelele utaitwa ndugu mkorofi. Ukifungua ukurasa wenye tarehe na saa, unasikilizwa. Kwa habari ya msamaha wa malipo, muulizie afisa ustawi wa jamii wa hospitali, wengi tunapita mlangoni kwake bila kujua kazi yake.

Na hapa kina baba niwashike shati kidogo. Mama ni wako. Kutuma hela ya dawa halafu ukaja wodini saa ya kutazama wagonjwa kama mgeni wa heshima, umekaa dakika kumi unaangalia saa, hiyo sio zamu. Kaka na dada wakae chini wagawane: nani analala wodini lini, nani analeta uji, nani analipa. Nimeona familia ambazo mke ndiye anayemgeuza mama mkwe usiku kucha, halafu wenye mama wanapiga simu kuuliza kwa nini shuka halijabadilishwa. Wifi zangu mnaonisoma, mnajijua.

Mume wangu, nimpe haki yake, alijifunza kumwogesha mama yake siku zile za mwanzo. Mama alimgomea, akasema ni aibu mtoto wa kiume. Walikubaliana miguu tu, na mgongo, huku mama kajifunika kanga. Walikuwa wanaongea mambo ya Muheza ambayo mimi sijawahi kuyasikia katika miaka 16 ya ndoa.

Nafasi imeniishia. Mwezi ujao narudi kwenye mambo yetu: mchumba anayetaka kujua mshahara wako kabla ya kukutambulisha kwao. Barua na ujumbe wenu wa simu nausubiri, na wenye mzee wodini sasa hivi, niandikieni mnayoyaona huko. Jina la hospitali sio lazima, ila saa na tarehe zisikosekane.