UKAGUZI WA SKULI USIISHIE JALADANI

Kila ifikapo tarehe 23 Septemba, Zanzibar hukumbuka siku ile ya mwaka 1964 ambapo Serikali ya Mapinduzi ilitangaza elimu bila ya malipo. Katika mwaka huo huo Serikali ilizichukua skuli zilizokuwa mikononi mwa jumuiya na madhehebu mbalimbali, ambazo nyingi katika hizo ziliwatenganisha watoto kwa asili ya wazee wao. Swali la nani ana haki ya kuingia skuli likapata jibu. Lililobaki ni swali gumu zaidi: mtoto aliyekwisha kuingia anafundishwa vipi, na ni nani anayehakikisha kuwa amefahamu?

Jawabu la swali hili hatuwezi kulitafuta ng'ambo ya bahari. Mbali na elimu ya juu na Baraza la Mitihani la Taifa, ambayo ni mambo ya Muungano, elimu ya visiwa hivi imo mikononi mwa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Tuna Sheria ya Elimu ya mwaka 1982. Tuna Sera ya Elimu ya mwaka 2006, iliyopunguza elimu ya msingi kutoka miaka 7 hadi 6 na kuiingiza elimu ya maandalizi katika elimu ya lazima. Tuna Taasisi ya Elimu inayotayarisha mitaala, Baraza letu wenyewe la Mitihani, na Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Elimu. Vyombo tunavyo. Kwa hiyo kinachotakiwa kupimwa sasa ni kazi ya vyombo hivyo.

Sisi tunaona kwamba kiungo kilicho dhaifu zaidi katika mnyororo huu ni safari ya ripoti ya mkaguzi baada ya ukaguzi kumalizika. Ni nani asiyejua namna mambo yanavyokwenda? Habari hupatikana kwamba wakaguzi wanakuja. Uwanja hufagiwa, madaftari ya maandalio ya masomo hujazwa usiku, na wanafunzi huhimizwa kuvaa sare safi. Wakaguzi hufika, huketi nyuma ya darasa, huandika, hushukuru na kuondoka. Ripoti huandikwa kwa uangalifu, hupelekwa panapohusika na kutiwa jaladani. Mwaka unaofuata huandikwa nyengine, na mapendekezo yake mara nyengine ni yale yale ya mwanzo. Mwalimu aliyekosea hakuambiwa kosa lake, na mwalimu aliyefanya vyema hakuambiwa kuwa amefanya vyema.

Wengi wetu tulioanza kusoma chuoni kabla ya kupelekwa skuli tunaukumbuka ukaguzi wa namna nyengine. Mwalimu wa chuo alimsikiliza kila mtoto peke yake, kila siku. Ukikosea herufi, ulisahihishwa pale pale, nawe ukaisoma tena mbele yake. Hukuvuka sura moja kwenda nyengine mpaka ile ya kwanza imekaa. Hatusemi kwamba kila lililofanywa chuoni lilikuwa jema, kwani bakora nayo tunaikumbuka. Tunasema kwamba msingi ule ulikuwa sahihi: anayesikiliza kosa ndiye anayelirekebisha, na hurudi kesho kuhakikisha kuwa limerekebika. Hiyo ndiyo sehemu inayokosekana katika ukaguzi wa leo.

Upungufu huu huonekana zaidi pale mageuzi yanapoletwa. Sera ya mwaka 2006 iliamua kwamba hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la 5. Uamuzi kama huo huandikwa kwa siku moja, lakini hutekelezwa na mwalimu mmoja mmoja, mbele ya watoto ambao nyumbani na kondeni hawasikii lugha hiyo. Mkaguzi ndiye mtumishi wa Serikali anayeweza kuliona darasa hilo kwa macho yake na kueleza kama watoto wanafahamu hesabu au wanakariri maneno tu. Ripoti yake isiposomwa, watunga sera huwa wanageuza elimu hali ya kuwa hawaoni.

Wala tusisahau jiografia yetu. Skuli iliyo kando ya barabara kuu ni rahisi kukaguliwa. Skuli ya Tumbatu, ya Kojani au ya Makoongwe yataka chombo cha kuvukia na hali nzuri ya bahari. Gharama hiyo ikiwa haimo katika bajeti tangu mwanzo wa mwaka, ziara ya kwanza kufutwa huwa ya visiwa vidogo. Mtoto wa huko ni mtoto wa Mapinduzi sawa na mtoto wa Mjini.

Kwa hivyo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, ripoti ya kila ukaguzi irudishwe skulini ndani ya wiki mbili, na isomwe mbele ya walimu wote na kamati ya skuli. Pili, kila pendekezo liandikiwe jina la cheo kinachowajibika na tarehe ya mwisho, awe ni mwalimu mkuu, Afisa Elimu wa Wilaya au Wizara yenyewe. Tatu, mkaguzi arudi kabla ya mwaka kumalizika kuangalia lililofanyika. Nne, ziara za visiwa vidogo zitengewe fedha zao, na fedha hizo zisihamishwe.

Wako watakaosema kwamba kuzisoma aibu za skuli mbele ya wazee ni kuwavunjia walimu heshima. Hatukubaliani nao. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mzazi akijua kwamba darasa la mwanawe lina upungufu wa mwalimu wa hisabati, ataacha kumlaumu mwalimu aliyepo, na atajua mlango wa kuugonga. Mwalimu naye atapata shahidi wa taabu zake, maana mara nyingi kosa analobebeshwa yeye limeanzia kwenye dawati la mtu mwengine.

Katika miaka ya karibuni skuli za ghorofa zimejengwa Unguja na Pemba, na juhudi za kuondoa mikondo miwili zinastahiki pongezi. Lakini jengo halimfundishi mtoto. Tunawaomba viongozi wa elimu waanze na jambo dogo lisilohitaji fedha nyingi: wafungue majalada yaliyomo makabatini, watoe ripoti za mwaka jana, na wazipeleke kwa walimu walioandikwa humo. Na wananchi nao, waitwapo kwenye mkutano wa skuli, waende, na waulize: mkaguzi alisema nini?