Miaka 29 kutoka kwa oveni ya wiki tatu

Juzi rafiki yangu anayeunda vidhibiti vya chaji za sola aliniomba nimwandikie programu ndogo. Yeye humimina epoksi juu ya saketi ili vumbi lisiingie, kisha huiivisha kwenye oveni. Alikuwa ameacha vipande vya epoksi hiyo kwenye nyuzi 150 kwa wiki tatu, yaani saa 504, na havikupasuka. Sasa alitaka kompyuta imwambie vitadumu miaka mingapi kwenye nyuzi 60, ili aandike jibu kwenye boksi.

Hesabu yenyewe ni mistari mitano tu. Kuna kanuni ya zamani, ilitolewa na Montsinger mwaka 1930 kuhusu transfoma: joto likipanda nyuzi 8 hadi 10, umri wa kihami hupungua nusu. Nikaweka 10. Tofauti ni nyuzi 90, kwa hivyo unazidisha kwa mbili mara tisa: 504 mara 512, miaka 29. Jamaa akacheka kwa furaha. Nikaweka 8, ikatoka miaka 140. Nikaweka 12, ikatoka 10. Data ni ile ile! Jibu halikutoka kwenye oveni, lilitoka kwenye kidole changu.

Ndiyo maana mimi nasema jaribio la joto moja si jaribio. Namba hiyo ya 8 au 10 inatakiwa ipimwe kwa epoksi yako wewe, na huwezi kuipima bila viwango vitatu vya joto au zaidi. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60216 kinadai hivyo hivyo, tena kinataka joto la chini kabisa lichukue angalau saa 5,000 kufikia mwisho. Hiyo ni miezi saba. Najua inauma.

Na mwisho ni nini? "Haikupasuka" si kipimo. Amua kabla hujawasha oveni: kwa mfano, nguvu ya kupinda ikishuka hadi nusu, kipande kimekufa. Ukiamua baadaye utajipendelea, sote tunajijua.

Lakini kosa lililonisumbua zaidi ni hizo nyuzi 150. Karatasi ya mtengenezaji inasema epoksi hii huanza kulainika kwenye nyuzi 120. Ukivuka hapo molekuli zinacheza kwa uhuru mwingine kabisa, oksijeni inapenya kwa namna nyingine, na unazeesha kitu ambacho mteja hatakiona kamwe kwenye paa lake. Isitoshe, kama epoksi haikuiva vizuri mwanzoni, siku za kwanza oveni inaikamilisha na inakuwa ngumu zaidi. Ukipima hapo utadhani joto ni dawa!

Nilimshauri 85, 100 na 115, vipande vya unene ule ule wa bidhaa, na vingine vibaki kabatini vya kulinganishia. (Unyevu ni jaribio lingine, asiuchanganye humu.) Programu niliyomwandikia mwishowe haitabiri chochote. Inarekodi joto kila dakika, maana umeme ukipotea usiku saa hizo hazihesabiwi.

Hakupenda. Alisema washindani wake wanaandika miaka 25. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Kwa sasa boksi lake linasema waranti ya miaka miwili, na oveni ya 115 iko wiki ya sita.