Kuchanganya alumini chakavu kwamnyima muuzaji faida

MKULIMA anayebadilisha mabomba ya kunyunyizia maji, au mama wa hoteli anayetupa sufuria iliyotoboka, kwa kawaida hajui kwamba anachokiuza ni bidhaa inayogombaniwa na mataifa makubwa. Humwita kijana mwenye mkokoteni, gunia likaning'inizwa kwenye mizani, bei ya kilo ikatajwa na biashara ikaisha. Ndani ya gunia hilo mna sufuria, vipande vya fremu za madirisha, kichwa cha injini ya pikipiki, mikebe ya bia na pengine waya wa umeme. Vyote vinaitwa alumini na vyote vinalipwa bei moja.

Hapo ndipo hasara inapoanzia, na si hasara ya kijana wa mkokoteni peke yake.

Tuanze na soko la dunia. Juni 2025 Marekani ilipandisha ushuru wa alumini kutoka nje hadi asilimia 50. Umoja wa Ulaya nao ulianza Januari 2026 awamu ya malipo ya ushuru wake wa kaboni, ambao unagusa alumini, na mwishoni mwa 2025 ulisema unaandaa hatua za kuzuia alumini chakavu isitoke kwa wingi barani humo. Hapa Afrika, kampuni ya South32 ilitangaza mwaka 2025 kwamba kiwanda cha Mozal nchini Msumbiji, kilichofunguliwa mwaka 2000, kingesimamishwa mkataba wake wa umeme utakapomalizika Machi 2026, kwa kuwa bei mpya ya umeme haikupatana.

Umeme ndio kiini cha habari hizi zote. Kutengeneza kilo moja ya alumini mpya huhitaji takriban yuniti 14 za umeme, kiasi ambacho familia nyingi za mashambani hutumia kwa wiki nzima au zaidi. Kuyeyusha kilo moja ya alumini kuukuu huhitaji takriban asilimia 5 tu ya nishati inayotumika kutengeneza mpya. Kenya haina kiwanda cha kuzalisha alumini kutoka kwa udongo wa boksiti. Kwa hivyo kila sufuria iliyotoboka ni umeme uliokwisha kulipiwa na mtu mwingine, nasi tunao mkononi.

Kama ni hivyo, mbona anayeiuza hatajiriki? Jibu limo ndani ya chuma chenyewe, na inafaa mfanyabiashara alielewe, hata kama hatawahi kuingia kiwandani.

Fremu za madirisha, fremu za paneli za sola, ngazi na kabati la vioo ambalo muuza mandazi huweka bidhaa zake hutengenezwa kwa kukamua. Gogo la alumini hupashwa moto hadi nyuzi 450 au 500 za Selsiasi. Haliyeyuki, kwani alumini huyeyuka kwa nyuzi 660, bali hulainika. Kisha mtambo wenye nguvu kubwa hulisukuma kupitia kalibu ya chuma kigumu yenye tundu la umbo linalotakiwa. Aliyewahi kukamua tambi kwa mashine ya mkono ameuona mtambo huu kwa udogo wake.

Ukilitazama gogo hilo kwa darubini utaona limejaa punje zilizoshikana, mfano wa mahindi kwenye gunzi. Linapokamuliwa, punje hizo huvutika zikawa ndefu kama nyuzi. Kwa sababu ya joto, punje mpya huzaliwa mahali pa zile zilizovunjika. Zikiwa ndogo na zinazolingana, fremu huwa imara. Lakini sehemu ya nje, inayosuguana na kalibu, hupata joto na msukosuko kuliko ya ndani, na mtambo ukiendeshwa bila uangalifu punje za huko nje hukua kubwa kupita kiasi. Fremu ya namna hiyo ukiipinda hutoa mikunjo kama ganda la chungwa, na rangi yake hutoka na michirizi.

Baada ya kukamuliwa, fremu hupikwa tena katika tanuri, nyuzi 175 hadi 185 hivi, kwa saa kadhaa. Katika muda huo magnesi na silikoni zilizomo hukusanyika kuwa vijichembe vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na hivyo ndivyo vinavyoipa fremu nguvu. Mwenye kiwanda anayebania umeme akaifupisha kazi hiyo huuza fremu ambayo kwa macho ni sawa na nyingine, ila fundi akifunga skrubu mara mbili tu tundu linalegea.

Sasa tuje kwenye gunia la mkokoteni.

Aina ya alumini inayotumika sana kwa fremu, ambayo mafundi wa viwanda huijua kwa nambari 6063, hairuhusiwi kuwa na zaidi ya asilimia 0.35 ya chuma cha kawaida, yaani kile kinachoshika kutu, wala zaidi ya asilimia 0.10 ya shaba. Kichwa cha injini na pistoni ni alumini ya kumimina, ambayo kwa kawaida ina silikoni nyingi, asilimia 5 hadi 12 na wakati mwingine zaidi, na mara nyingi shaba ya asilimia 3 au 4. Mikebe ya vinywaji ina magnesi na manganizi. Waya wa umeme ni alumini karibu tupu. Na katika kila gunia kuna misumari, bolti, ripiti na mishikio ya chuma ambayo hakuna aliyejali kuing'oa.

Vikiyeyushwa pamoja vinakuwa kitu kimoja ambacho si fremu, si pistoni, si waya. Shaba hupunguza uwezo wa fremu kustahimili unyevu na chumvi, jambo ambalo wakazi wa Pwani wanalifahamu. Chuma nacho kina ubaya wake wa pekee. Alumini ikipoa, chuma hakikai ndani yake kwa utulivu, bali hushikana na alumini na silikoni kikafanya vibapa vyembamba ambavyo kwa darubini huonekana kama sindano. Sindano hizo ni ngumu lakini huvunjika upesi. Gogo linapopita kwenye kalibu huchana uso wa fremu, na mwenye kiwanda hulazimika kupunguza mwendo wa mtambo, maana yake fremu chache kwa siku.

Hii ndiyo kazi ambayo wanafunzi wa uzamivu wamekuwa wakiifanya kwa miaka katika vyuo kama kile cha Trondheim, Norway, na cha Dortmund, Ujerumani: kufuatilia chuma cha ndani kinavyobadilika pale alumini iliyorudishwa kiwandani inapokamuliwa. Mojawapo ya mambo yanayojulikana sasa ni kwamba gogo likipikwa kwa nyuzi 560 hadi 580 kwa saa kadhaa kabla ya kukamuliwa, sindano zile hukatikakatika zikawa kama shanga, na shanga hazichani. Lakini tazama vizuri: chuma hakijatoka. Kimebadilishwa umbo tu, kwa gharama ya umeme. Mpaka leo hakuna njia rahisi na ya bei nafuu ya kukitoa chuma kilichokwisha yeyuka ndani ya alumini.

Dawa inayotumika ni kuzimua, yaani kuongeza alumini mpya. Hapa hesabu ni ya darasa la saba. Tuseme chakavu kina chuma asilimia 0.6, na alumini mpya ya kununua nje ina asilimia 0.1. Ili kufika 0.35, kila tani ya chakavu itahitaji tani moja ya alumini mpya. Chakavu hicho kikiwa na asilimia 0.8, tani moja itadai karibu tani 1.8 za mpya. Alumini mpya hulipiwa kwa dola. Kwa hiyo mwenye kiwanda anapokupa bei ya chini, ameshakata gharama ya kuzimua uchafu uliomo guniani, na kwa kuwa hajui ni kiasi gani, hukata kwa kukisia, na makisio yake hayawezi kukupendelea wewe.

Mkulima wa kahawa hahitaji kufundishwa jambo hili. Hakuna anayetia mbuni na kahawa ya daraja la AA katika gunia moja kisha akategemea bei ya AA mnadani Nairobi. Maziwa nayo hupimwa kabla ya kumiminwa kwenye tangi la chama, kwani lita chache zilizochacha huharibu tangi zima. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo akirudi nyumbani huuza alumini yake kama anayeuza takataka.

Serikali nayo imelitazama suala hili kwa jicho la polisi kuliko la biashara. Sheria ya vyuma chakavu ya 2015 inataka wafanyabiashara wawe na leseni na waweke kumbukumbu za waliowauzia. Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuanguka na nchi kukosa umeme, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara na usafirishaji wa vyuma chakavu. Marufuku hiyo iliondolewa Mei mwaka huo na masharti mapya yakawekwa. Sababu ilikuwa ya kweli. Wizi wa nyaya na mabomba ya kunyunyizia mashamba umewaumiza wakulima wengi, na mwizi hukata bomba la maelfu ya shilingi ili auze kwa bei ya kilo. Lakini kwa miezi ile, mwenye sufuria yake halali na mwenye waya wa wizi walifungiwa mlango mmoja, na mlango ulipofunguliwa, gunia lilikuwa lile lile la mchanganyiko.

Maoni yangu ni kwamba kuzuia chakavu kisitoke nje hakuwezi peke yake kuzaa viwanda vya fremu nchini. Kiwanda kinahitaji chakavu kinachojulikana. Kwa sasa kipo kifaa cha kushika mkononi, mfano wa bunduki, kinachotumia eksirei na kutaja kwa sekunde chache kila metali iliyomo katika kipande. Ni ghali mno kwa mwenye mkokoteni, lakini si ghali kwa chama cha wafanyabiashara hamsini, wala kwa kaunti ambayo tayari inawatoza ada. Chama cha ushirika kilichonunua mtambo wa kupoza maziwa kinaelewa hesabu ya aina hii.

Wapo watakaosema mafundi wetu wa sufuria za kumimina hawajali haya yote, nao wanauza. Ni kweli wanauza, na hapo kuna hatari kuliko ya fremu. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya kupima vyombo 42 vya kupikia vya alumini kutoka nchi 10, zikiwemo Kenya na Tanzania. Zaidi ya theluthi moja vilionekana kuwa na hatari ya kutoa risasi inayoweza kuingia katika chakula. Risasi haiko katika alumini safi. Huingia pamoja na chakavu cha kila aina, mathalani sehemu za magari na za vifaa vya umeme. Mtoto ndiye anayeumia zaidi, kwa kuwa risasi hudhuru ubongo unaokua. Anayeuza supu au uji, au kuchemsha maziwa kwa sufuria nzito ya kumiminwa ambayo hajui imetoka wapi, afadhali atumie iliyofinyangwa kwa bati la alumini la kiwandani au ya chuma kisichoshika kutu.

Kwa anayeuza, kazi ya kupanga haihitaji darubini. Sumaku ya spika mbovu inatosha kuanzia: kinachonata kina chuma, king'oe au kiweke kando. Fremu za madirisha na za paneli za sola zikae peke yake, zikiwa zimetolewa mpira, skrubu na pembe za chuma. Sehemu za injini zikae peke yake, na bolti zake zitolewe. Mikebe ikae peke yake, nayo isiwe na maji wala mchanga, kwani chakavu chepesi na kichafu huungua sana tanurini kabla hakijayeyuka, na mnunuzi huikata hasara hiyo kwenye bei. Vumbi na vinyuzi vya mashine ya kerezo ndivyo huungua kuliko vyote. Tangu 1945 imejulikana njia ya kuvishindilia na kuvikamua moja kwa moja bila kuviyeyusha, na Dortmund wameiendeleza, ila kwa sasa usitegemee mnunuzi wa hapa kuilipia.

Waya wa umeme ni habari nyingine. Ule wa laini kubwa huwa na kiini cha chuma katikati na alumini pembeni, na mara nyingi anayekuletea hana maelezo ya alikoutoa. Bei yake ni nzuri, lakini usiununue bila karatasi ya mwenye mali, kwa sababu kumbukumbu inayotakiwa na sheria itabeba jina lako.

Ukishapanga, usiuze siku hiyo hiyo kwa wa kwanza. Uliza bei ya fremu safi peke yake kwa wanunuzi wawili watatu wakubwa, na mwambie kila mmoja aje na sumaku yake.