Tumjue Mwizi wa Tangi Kabla ya Kumhukumu
DIRA YA PWANI
Na Salim Mwinyikai

Mtu aliyeweka nyumbani kwake tangi la kioo, akalijaza maji ya chumvi, mawe hai na matumbawe, amejitwika ulezi wa viumbe wengi kuliko wale aliowanunua. Kwa kuwa jiwe lililotolewa baharini na uhai wake huja pamoja na wakazi wake, na miongoni mwao aghalabu hujificha kaa, kamba na minyoo ambao riziki yao ni nyama ya wenzao. Siku samaki wa kwanza anapotoweka usiku, au tumbawe linapokutwa limetafunwa, ghadhabu humwingia mwenye tangi, akatamani kuua kila chenye gando na kila chenye mwiba. Naamini kwa dhati kwamba ghadhabu hiyo huleta hasara kubwa kuliko mwizi mwenyewe, na kwamba faradhi ya kwanza ya mfugaji ni kumtambua mhalifu.

Kaa mwenye manyoya na magando yenye ncha nyeusi anastahili kushukiwa. Walakini kaa wadogo wa jamii ya Trapezia, wakaao baina ya matawi ya matumbawe, ni walinzi waaminifu, ambao huko baharini humbana na kumsukuma yule kiti cha pweza mwenye miiba ajaye kula matumbawe, hata akaondoka kutafuta shibe pengine. Kadhalika minyoo wengi wenye nywele zinazochoma hula mabaki na mizoga, wakayaepusha maji na uvundo. Kuwaangamiza wote kwa taksiri ya mmoja ni dhuluma, tena ni hasara.

Sikatai kwamba wahalifu wa kweli wako. Mwaka 2009, katika tangi la maonyesho la Blue Reef Aquarium mjini Newquay, Uingereza, matumbawe yalikatwa na samaki wakajeruhiwa pasipo mwenye kosa kuonekana, mpaka watunzaji walipolibomoa tangi jiwe kwa jiwe, wakamkuta mnyoo mwenye taya kali na urefu uliozidi mita 1. Naye kamba mpiga ngumi, ambaye pigo lake lilipimwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na kutangazwa mwaka 2004 kuwa na kasi ya mita 23 kwa sekunde, huvunja gamba la konokono na la kaa pasipo taabu.

Hao hushindwa kwa subira na hila. Aketiye gizani na taa nyekundu, ambayo wanyama wengi wa baharini hawaioni vema, huligundua tundu la adui. Kisha ataweka mtego wa chupa wenye chambo, au atalitoa jiwe lenyewe nje ya tangi na kumimina ndani ya tundu maji ya soda yasiyo sukari, naye mwenye tundu atatoka kwa kukosa pumzi. Afanyaye haraka akamwaga dawa ya shaba tangini atakuwa ameua kamba, konokono na matumbawe aliyokusudia kuwaokoa. Na amkataye kwa kisu aiptasia, yule mnyama laini afananaye na ua, ambaye huyachoma matumbawe jirani, humwongeza, maana kipande kidogo kikisalia huota mwili mpya. Dawa yake iliyo bora ni Berghia, konokono asiye na gamba, ambaye hana chakula kingine ila aiptasia huyo.

Lakini bora kuliko tiba ni hadhari ya mlangoni. Kila jiwe na kila tumbawe jipya likae karantini kwa wiki kadhaa katika chombo cha peke yake, lichovywe katika dawa ya matumbawe, kisha lichovywe tena. Kwa sababu dawa iwauayo minyoo bapa walao matumbawe haiyaui mayai yao, na mwenye kuridhika na mchovyo mmoja hukaribisha kizazi cha pili.

Limebaki jambo moja, nalo si la nyumba ya mtu tena. Samaki-simba, ambaye asili yake ni Bahari ya Hindi na Pasifiki, alionekana pwani ya Florida mwaka 1985, na wataalamu wengi huamini kwamba aliachiwa na wafugaji. Leo ameenea Karibi yote, akila wachanga wa samaki wasiomjua wala kujua kumkimbia. Kwa hiyo nawasihi wafugaji wote, wawe Mombasa, Maskati au London: mhalifu mliyemkamata mpeni tangi lake mwenyewe, au mrudisheni kwa muuzaji, au muueni upesi pasipo kumtesa, baharini msimtupe kamwe.