Acheni kuzima pampu usiku!

Ndugu msomaji, leo naweka kando mambo ya programu kidogo. Au tuseme siyaweki kando, maana kisa chenyewe kilianzia kwenye programu, tena niliyoiandika mwenyewe.

Kila nikitaja kwamba nafuga samaki nyumbani, lazima atokee mtu wa kuniambia: "Pampu ya hewa izime usiku bwana, samaki nao hulala. Utaokoa stima." Nimeyasikia haya kwa wauzaji, kwa majirani, hata kwa shemeji yangu. Ni ushauri mbaya, na mimi niliufuata.

Tuanze na hesabu. Pampu ndogo ya hewa hula kama wati 3. Iache iwake mchana na usiku kwa siku 30, utapata uniti 2 na kitu. Pesa yake haifiki shilingi 100 kwa mwezi! Ukizima usiku unaokoa thuluthi tu ya hiyo. Kwa hiyo mtu anahatarisha tangi zima kwa bei ya chapati moja.

Pili, usiku ndio wakati mbaya zaidi wa kuzima. Mchana mimea ya majini hutoa oksijeni. Giza likiingia, mimea hiyo hiyo huanza kuivuta pamoja na samaki. Bakteria wanaoishi ndani ya chujio, wale wanaogeuza amonia ya kinyesi cha samaki kuwa kitu kisicho kali, nao wanaihitaji saa zote 24. Hawana likizo.

Tatu, wengi hudhani viputo ndivyo "vinavyopuliza" oksijeni ndani ya maji. Kwa sehemu kubwa sivyo. Kiputo hupanda haraka mno. Kazi yake kubwa ni kuyasukuma maji ya chini yaje juu na kuutikisa uso, na hapo ndipo hewa na maji hubadilishana. Maji yaliyotulia kama kioo hupendeza macho tu. Sisi wa Nairobi tuna tatizo la ziada: maji ya nyuzi 25 kule pwani huweza kubeba oksijeni miligramu 8 hivi kwa lita, lakini huku juu, mita 1,700 na zaidi kutoka usawa wa bahari, hayafikishi hata 7. Hatuna akiba ya kuchezea.

Sasa kisa changu. Nilijiona mjanja, nikaunganisha pampu na bodi ndogo yenye WiFi. Programu yangu iliizima saa 4 usiku na kuiwasha saa 12 asubuhi, saa yake ikiipata kutoka intaneti. Ilifanya kazi wiki kadhaa, nikatamba kazini. Kisha siku moja stima ikapotea mtaani asubuhi. Iliporudi, intaneti haikurudi. Bodi ikaamka bila kujua saa, ikaanzia pale saa za kompyuta huanzia: 1 Januari 1970. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki, hiyo ni saa 9 usiku. Programu ikasema, "Bado usiku, pampu ilale." Kabla haijafikia hiyo saa 12 yake, stima ikapotea tena, ikarudi, na hesabu ikaanza upya. Jioni nilikuta samaki wa dhahabu 7 kati ya 11 wakielea. Binti yangu alikuwa amewapa wote majina. Jaribu kumweleza mtoto wa miaka sita kuhusu mwaka 1970.

Kosa halikuwa la stima wala la intaneti. Lilikuwa langu. Nilichukua kifaa kisichohitaji akili yoyote nikakipa akili ya kukosea. Leo maduka yamejaa pampu za kuendeshwa kwa simu, na wenzangu wa programu wanazishangilia. Mimi nasema pampu ya hewa iingie kwenye soketi, basi.

Mwaniambia inapiga kelele? Iweke juu ya sponji au kitambaa kilichokunjwa, mtetemo upungue. Mkondo ni mkali, samaki wanasukumwa? Usiufinye mrija, utachosha kiwambo cha pampu. Weka kigawanyi chenye koki, hewa ya ziada itokee nje. Na pampu ikae juu ya usawa wa maji, au mrija uwe na vali ya kuzuia maji kurudi. La sivyo stima ikipotea maji yanaweza kurudi kwa mrija hadi kwenye pampu, kisha sakafuni.

Akili yako itumie pale inapohitajika: kujiandaa kwa giza. Usiku wa 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, na haikurudi kwa dakika tano. Nunua pampu ya betri, uiweke karibu. Huna? Acha kuwalisha samaki, chota maji ya tangi kwa kikombe na uyamimine kutoka juu, mara kwa mara. Yanachosha mkono, lakini yanaokoa.

Anayetaka kunipinga na alete hoja. Ila kabla ya hapo, nenda ukaiwashe pampu yako.